Zoezi la usalama melini: je, tunaweza kulikwepa?

Swali: Mwalimu, habari za siku. Mimi ni mwekahazina wa chama cha akina mama 14 hapa Nairobi, wengi wetu tukiwa wa Donholm na Umoja. Tumeweka akiba kwa muda mrefu, na Machi tunaenda Durban kupanda meli ya kitalii, siku nne, hadi Msumbiji na kurudi. Mwenzetu mmoja ameshawahi kusafiri hivyo. Kwenye kundi letu la WhatsApp ametuambia kwamba siku ya kwanza kuna zoezi la usalama, ni la kupoteza wakati, tujifungie kabini au tutangulie bafe wakati wengine wakipanga foleni. Wengi wamemuunga mkono. Mimi sina raha. Mama mkwe wangu ana miaka 71 na magoti yanamsumbua, tena Kiingereza si lugha yake. Mwingine hata kivuko cha Likoni hukipanda amefumba macho. Anasema wakianza kumwonyesha majaketi ya kujiokolea atashuka. Je, zoezi hili ni lazima kweli? Tukilikosa itakuwaje?

Jibu: Dada, nianze na sheria kwa kuwa ndiyo sehemu fupi. Zoezi hilo ni lazima, na lazima hiyo haikutungwa na kampuni mliyoilipa. Inatoka kwenye mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ambao mabaharia wote wanaujua kwa jina la SOLAS. Toleo la kwanza lilitiwa saini mwaka 1914, miaka miwili baada ya Titanic kuzama, na linalotumika sasa ni la 1974 pamoja na marekebisho yake. Abiria wakiwa watakaa melini zaidi ya saa 24, ni sharti wafanyishwe zoezi kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Nahodha anayeng'oa nanga huku akijua kwamba nusu ya abiria wake hawajafanya zoezi anahatarisha leseni yake mwenyewe, kwa hiyo usitarajie atawafumbia macho.

Kuhusu kujificha, mwenzenu huenda alibahatika, lakini kwenye meli za leo ni kazi ngumu. Kadi mtakayopewa mkijisajili bandarini, ile ile ya kufungulia mlango wa kabini na kulipia soda, hupitishwa kwenye mashine kwenye kituo cha kukusanyikia, yaani mahali kila abiria amepangiwa kwenda king'ora kikilia, na jina ambalo halijapita huonekana hapo hapo. Wafanyakazi hupita korido kwa korido wakigonga milango. Baa hufungwa, na mara nyingi bafe nayo, kwa hiyo aliyetangulia atasimama mlangoni na sahani yake tupu. Asiyeonekana huitwa kwa jina kwenye vipaza sauti, na bado asipotokea hupangiwa zoezi la marudio. Anayekataa waziwazi huachiwa nahodha, na masharti ya tiketi humpa nahodha uwezo wa kumshusha mtu bandarini. Usitarajie nauli irudi.

Hayo lakini ni vitisho, na sipendi kumshawishi mtu mzima kwa vitisho. Tena vitisho haviwasaidii: mtu anayekuja kituoni kwa kuogopa kushushwa huja na mwili tu.

Nilifanya kazi melini miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa kiongozi wa kituo cha kukusanyikia, yule mtu wa kofia ya rangi kali na orodha mkononi ambaye kila abiria anamwona ni mharibu sherehe. Dharau hiyo mnayoipanga nimeitazama usoni. Wapo wanaokuja na glasi. Wapo wanaopiga picha wakiwa wamevuta midomo, na hakosi mmoja wa kuuliza kama hii ndiyo Titanic, akacheka peke yake. Wageni wa mara ya kwanza husikiliza. Wengine hata huuliza maswali mazuri. Wanaosumbua ni wazoefu, na ukitaka kumjua mzoefu, mtafute anayeegemea nguzo ya nyuma huku akiangalia saa.

Simwoni mzoefu kuwa mjinga. Ameshafanya zoezi safari kadhaa na hakuna meli iliyozama. Akili yake imejifunza, kwa ushahidi mzuri kabisa, kwamba baada ya zoezi hufuata chakula na muziki. Ndivyo tulivyo na mkanda wa matatu. Kanuni za matatu za Waziri Michuki zilipoanza mwaka 2004 sote tulijifunga. Leo abiria huukumbuka mkanda pale kondakta anapopiga kelele kwamba mbele kuna polisi, na wakishapita, mkono unalegea. Hakuna aliyeshawishika kwamba ajali hazipo. Ni kwamba ajali haijamkuta yeye, na polisi anamkuta kila wiki.

Kampuni nazo zilichangia. Mazoezi ya zamani yalikuwa adhabu. Abiria walisimamishwa kwenye sitaha, juani, wamevaa majaketi manene ya rangi ya chungwa, wakiitwa majina kabini kwa kabini, huku mtu akisoma maelezo kwa lugha nne kwa sauti ya msomaji wa orodha ya maiti. Watu walijikwaa kwenye kamba za majaketi yao na kuumia ngazini, jambo la aibu kwa zoezi la usalama. Ndiyo maana kampuni nyingi ziliacha kuwavalisha abiria majaketi wakati wa zoezi. Siku hizi mfanyakazi mmoja huvaa, wengine hutazama. Kwa hiyo mwenzenu anapolalamika kuhusu zoezi alilofanya zamani, lalamiko lake lina msingi. Ninachokataa ni hitimisho lake.

Uzoefu wake, kwa jambo hili, hauhamishiki. Kituo cha kukusanyikia hupangwa kwa kabini. Ukibadilisha meli umebadilisha kituo, na hata kwenye meli ile ile, ukihama kutoka kabini ya mbele kwenda ya nyuma, unaweza kupewa herufi nyingine, sitaha nyingine na ngazi nyingine. Anachokikumbuka kutoka safari iliyopita ni njia ya kwenda mahali ambapo safari hii hakuna atakayekuwa akimsubiri.

Sasa nieleze zoezi ni la nini, maana hapa ndipo watu wengi hukosea, wakiwemo wanaolipenda. Watu hudhani ni darasa la kuvaa jaketi. Jaketi mtu atalivaa. Akishindwa, jirani atamfungia kamba. Zoezi lipo kwa ajili ya mambo mawili mazito zaidi: miguu yako kuijua njia, na meli kukuhesabu.

Tuanze na njia. Mkataba niliotaja unasema kwamba mashua zote za uokoaji ziweze kushushwa zikiwa na watu wake ndani ya dakika 30 tangu amri ya kuiacha meli kutolewa. Wengi huishia hapo na kufurahi. Maandishi yanaendelea: dakika hizo 30 huhesabiwa baada ya watu wote kuwa wameshakusanyika na kuvaa majaketi. Muda wa kukusanyika hauko ndani yake. Kumtoa mtu bafuni, kumtafuta mtoto aliyeko kwenye bwawa, kumshusha mama mwenye magoti mabaya kutoka sitaha ya kumi, mtu aliyerudi kabini kuchukua pasipoti: yote hayo huliwa kabla saa ya mkataba haijaanza kuhesabu. Sehemu hiyo ndiyo ndefu zaidi, na inategemea abiria kuliko mabaharia.

Mfano ambao kila mtu wa kazi hii anaubeba kichwani ni Costa Concordia. Tarehe 13 Januari 2012, meli hiyo yenye watu 4,229 iliondoka Civitavecchia, bandari iliyo karibu na Roma. Usiku, saa nne kasoro robo, iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio. Abiria zaidi ya 600 walikuwa wamepanda siku hiyo hiyo na hawakuwa wamefanya zoezi. Lilipangwa kufanyika kesho yake. Kampuni haikuvunja sheria, kwa sababu wakati huo sheria iliruhusu zoezi lifanyike ndani ya saa 24 za kupanda. Kwa zaidi ya saa nzima abiria waliambiwa ni hitilafu ya umeme, na amri ya kuiacha meli ilitoka ikikaribia saa tano usiku, meli ikiwa imeanza kulala ubavu kiasi kwamba baadhi ya mashua hazikuweza kushuka. Watu 32 walikufa. Nahodha, aliyeondoka melini wakati watu wangali ndani, alihukumiwa miaka 16 gerezani mwaka 2015.

Yapo mengi ya kusema kuhusu nahodha yule, na yamesemwa. Mimi huwa nawaangalia abiria. Wengi walikuwa wameshavaa majaketi na kwenda vituoni kabla amri haijatoka, huku wengine wakiambiwa warudi kabini. Aliyejua kituo chake hakuhitaji kumsubiri mtu amkumbuke. Asiyejua alibaki akiuliza njia kwa watu waliokuwa na hofu kama yeye, kwenye korido iliyoinama, taa zikizima na kuwaka. Baada ya ajali hiyo kampuni zenyewe zilianza kufanya zoezi kabla ya kuondoka, na tangu tarehe 1 Januari 2015 mkataba unazilazimisha. Zoezi ambalo wenzako wanataka kulikwepa liko saa ile lilipo kwa sababu ya usiku ule.

Mtu ataniuliza: mbona basi tuwasikilize mabaharia, ikiwa walisema uongo? Ni swali zuri, na watu wa Korea Kusini waliuliza kwa uchungu zaidi mwaka 2014, feri ya Sewol ilipozama na watu 304, wengi wakiwa wanafunzi walioambiwa kwa kipaza sauti wabaki walipo. Jibu langu ni kwamba zoezi ndilo linalokuondolea utegemezi huo. Ukishajua maana ya king'ora na njia ya kituo, huhitaji sauti ya mtu kukuambia la kufanya. Ishara yenyewe ni milio saba mifupi ama zaidi, ikifuatiwa na mmoja mrefu. Ukiisikia, uende kituoni. Ukijikuta meli imeinama na haijiinui, uende kituoni hata kama anayetangaza anaongea kuhusu umeme.

Na kwa kuwa mnaondokea Durban, kuna kisa cha bahari hiyo hiyo. Tarehe 3 Agosti 1991, meli ya Kigiriki iitwayo Oceanos ilitoka East London kuelekea Durban katika dhoruba. Maji yaliingia chumba cha mitambo, umeme ukakatika, na baadhi ya maafisa wakaondoka mapema wakawaacha abiria. Waliobaki kuwaongoza watu walikuwa watumbuizaji: wanamuziki na wacheza mazingaombwe. Mpiga gitaa mmoja, Moss Hills, alikuwa miongoni mwa walioenda kwenye chumba cha kuongozea meli, wakakikuta kitupu, wakaomba msaada kwa redio. Helikopta za Afrika Kusini ziliwavuta waliobaki kutoka sitahani. Watu wote 571 waliokoka, na meli ikazama kesho yake mchana. Huwa nakitumia kisa hiki kwa watu wanaosema, "Kazi ya kuniokoa ni ya wafanyakazi, nimewalipa." Wafanyakazi wengi ni watu hodari, hupewa mafunzo ya kuongoza umati, na kwenye meli za abiria hufanya mazoezi yao kila wiki. Msishangae mkikuta miongoni mwao kijana wa Kisauni au dada wa Kitui, maana Wakenya wengi wanafanya kazi hiyo sasa. Lakini usiku wa shida huwezi kuchagua ni nani atakayekuwa kwenye korido yako.

Nirudi kwenye kuhesabiwa, ambako sisi wa Afrika Mashariki tungepaswa kuwa wakali kuliko wote. MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa kwenye orodha. Ndiyo maana hadi leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa namna tofauti na kila anayeitaja. Wapo watu waliozama bila kuwahi kuandikwa popote kwamba walipanda. MV Spice Islander, iliyozama kati ya Unguja na Pemba Septemba 2011, ilibeba watu wengi mno kuliko uwezo wake, na familia zilibaki zikibishana na serikali kuhusu hesabu. Kwenye meli ya kitalii, kadi yako ikipita kwenye mashine kituoni, maana yake ni kwamba siku ya tatizo kiongozi wa kituo ataona pengo kwenye jina lako na kumtuma mtu akutafute. Usipokuwepo, pengo hilo linagharimu maisha ya mwingine: kuna kijana atakayerudi ndani kwenye moshi kugonga mlango wa kabini ambayo wewe umeshaiacha. Hilo ndilo ningependa mwenzenu alifikirie. Mahudhurio yake kituoni ni ya huyo kijana kuliko yalivyo yake.

Yuko mwanasaikolojia Mwingereza, John Leach, aliyechunguza namna watu wanavyotenda ajali inapotokea. Kwa maelezo yake, wengi sana, yapata robo tatu, hupigwa na bumbuwazi: hawapigi kelele, hawakimbii, wanakaa tu wakisubiri kuelewa. Sehemu ndogo huweza kufikiri na kutenda. Wengine hufanya mambo yasiyo na msaada wowote. Hakuna anayejua yeye atakuwa kundi gani hadi siku yenyewe. Kitu kinachoweza kumsukuma mtu aliyeduwaa ni jambo ambalo mwili umeshalifanya angalau mara moja. Estonia, feri iliyozama kwenye Bahari ya Baltiki Septemba 1994 na watu 852, ilipotea chini ya maji ndani ya saa moja tangu dalili za kwanza, usiku wa manane. Hapo hakuna muda wa kusoma bango la nyuma ya mlango.

Huenda meli yenu ikatumia utaratibu mpya wa simu, ulioenea tangu mwaka 2020 wakati wa korona. Hamtakusanywa wote kwa pamoja. Kila mmoja hutazama video fupi kwenye simu au televisheni ya kabini, husikiliza king'ora, kisha hupita kituoni kwa wakati wake, kadi ikasomwa, akaendelea na safari. Abiria wanaupenda sana, nami naelewa. Malalamiko yamepungua na hakuna foleni. Maoni yangu binafsi ni kwamba tumepata utiifu na tumepoteza kitu. Video ya usalama hufunguliwa na mtu huku akipanga nguo kabatini, na kituo anakifikia kwa lifti akitokea baa, yaani kwa njia ambayo siku ya moto haitakuwepo. Lifti hazitumiki katika dharura. Wala hajawahi kuona watu mia kadhaa wakijipanga mahali pamoja, kwa hiyo siku atakapouona umati huo atadhani ni vurugu. Mkikuta utaratibu huo, ufuateni, kisha jioni ile ile mtoke kabini kwa miguu, mshuke kwa ngazi, mhesabu milango mkono ukiwa ukutani, mfike kituoni, mrudi. Ni dakika chache. Hesabuni milango kweli, kwa sababu moshi huziba macho na vibao husomeka kwa macho.

Sasa huyo mwenzenu anayeogopa maji. Mtu wa Kenya akiogopa kivuko simcheki. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko kilipinduka Mtongwe, karibu na nchi kavu kabisa, wakafa watu 272. Nairobi yenyewe ina sababu yake ya kuogopa hata neno "zoezi". Aprili 2015, siku chache baada ya shambulio la Garissa, transfoma ililipuka kwenye kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wakadhani ni magaidi, wakaruka kutoka madirishani, mmoja akafariki na zaidi ya mia wakaumia. Novemba 30 mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Strathmore kikafanyiwa zoezi la shambulio, risasi zikisikika, bila watu wengi kujua kwamba ni zoezi. Watu waliruka kutoka ghorofani. Mfanyakazi mmoja alifariki. Zoezi la namna hiyo huwafundisha watu hofu tu, na naelewa mama wa Donholm anayesikia king'ora moyo ukaruka.

Lakini tazama tofauti. Zoezi la melini hutangazwa tangu mnapojisajili. Saa yake imeandikwa kwenye ratiba ya siku, na kabla ya king'ora kulia nahodha husema kwa kipaza sauti kwamba kinachofuata ni zoezi. Hakuna anayeigiza kuzama. Mtaenda ukumbini, mara nyingi ni ukumbi wa maonyesho au mkahawa, mtakaa kwenye viti, mtaonyeshwa jaketi, mtaondoka. Mwambie pia kwamba kwenda kituoni hata siku ya dharura ya kweli hakumaanishi kutupwa baharini. Machi 2019, Viking Sky ilizimikiwa injini kwenye dhoruba pwani ya Norway ikiwa na watu 1,373. Walikaa vituoni saa nyingi, wamevaa majaketi, wakipepesuka kwenye viti. Mamia walivutwa na helikopta, waliobaki wakafika bandarini na meli yenyewe. Kituo ni mahali pa kungojea mkiwa mmehesabiwa, karibu na mashua. Meli yenyewe ndiyo mashua bora zaidi, na hakuna nahodha mwenye akili anayeiacha mapema bila sababu. Nimewaona watu wa hofu kama yake wakitoka zoezini wamelegea mabega. Wanaojifungia kabini ndio wanaolala wakisikiliza kila mlio wa bomba.

Mama mkwe anahitaji mpango, na mpango uanze kabla hamjaondoka Nairobi. Mwandikie wakala wenu sasa, kwa barua pepe ili ibaki ushahidi, kwamba kuna abiria asiyeweza ngazi ndefu. Mkataba unataka watu wanaojitambulisha kuwa wanahitaji msaada wa pekee waandikwe, na nahodha aarifiwe kabla ya meli kuondoka, lakini hawezi kuandika asichoambiwa. Wazee wetu huona aibu kusema magoti yanauma, wewe umsemee. Ombeni kabini iliyo karibu na ngazi na, ikiwezekana, sitaha moja au mbili tu kutoka kituo chake. Mkiwa mmeshapewa kabini ya juu kabisa kwa sababu ya dirisha, badilishaneni na mwanachama kijana. Meli huwa na wafanyakazi waliopangiwa kuwasaidia wasioweza kutembea vizuri, pamoja na viti maalumu vya kushushia watu ngazini. Siku ya zoezi muulize kiongozi wa kituo, mbele ya mama, nani atakuja kwake na amsubiri wapi. Kama kweli hawezi kufika siku hiyo, mwambie mfanyakazi wa korido mapema, wampangie njia nyingine. Kunyamaza na kumfungia kabini ndiko kubaya.

Lugha nayo msiipuuze. Maelezo yatatolewa kwa Kiingereza na huenda kwa Kireno, Kiafrikaana au Kiitaliano, Kiswahili sitegemei. Mpeni mama mtu wa kukaa karibu naye wa kumtafsiria, na baadaye mama mwenyewe aeleze kwa maneno yake: herufi ya kituo, sitaha namba ngapi, ngazi ipi. Herufi hiyo kwa kawaida huandikwa kwenye kadi. Tena mkiwa kabini za mbalimbali, wanachama 14 mnaweza kujikuta kwenye vituo viwili au vitatu. Hilo lijulikane mapema, kwa sababu hamu ya kwanza ya watu wa chama kimoja itakuwa kutafutana, na kutafutana korido kwa korido ndiko kunakoziba ngazi. Kila mmoja aende kituo chake. Mashine zitawatafutia wenzenu.

Kuhusu yule mzoefu, usibishane naye kwenye kundi, mtavunja urafiki kabla ya safari. Mpe kazi. Yeye anajua bandari, anajua foleni, anajua mahali kadi zinapotolewa. Mwombe awe mwenye orodha: mkishapanda, akusanye namba za kabini na herufi za vituo vya wote 14, azitume kwenye kundi kabla mtandao haujapotea baharini, halafu jioni ya kwanza awapitishe ile njia ya ngazi kwa miguu. Mzoefu akipewa orodha mkononi hubadilika haraka kuliko akipewa hotuba. Nimeshawapa wengi kalamu yangu pale nguzo ya nyuma. Na barua ya wakala iandike wiki hii, kabla hamjalipa awamu ya mwisho, kwa sababu kabini za karibu na ngazi za kati huchukuliwa mapema.